Tabibu wa Nafsi Aliyesomeshwa na Visiwa

Katika siku za mwanzo za Ramadhani wengi wetu huumwa kichwa kabla ya adhuhuri, nasi huilaumu njaa. Kumbe mara nyingi ni mwili unaodai kahawa yake ya barazani. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa leo tunamzungumzia marehemu W. H. R. Rivers, tabibu wa Kiingereza aliyeupima kwa makini uhusiano wa dawa, mwili na nafsi, na ambaye sisi watu wa visiwani tuna sababu ya pekee ya kumjua.

Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la Kent, mtoto wa kasisi, akasumbuliwa na kigugumizi. Alihitimu utabibu mwaka 1886, akahudumu melini, kisha akapitia Heidelberg kwa Emil Kraepelin, aliyekuwa akipima jinsi kileo na chai vinavyobadili kazi ya akili. Tangu mwaka 1893 alifundisha Cambridge.

Mwaka 1898 alifuatana na msafara wa Chuo hicho hadi visiwa vya Mlangobahari wa Torres. Siku zile wasomi wa Ulaya walidai kwamba wale waliowaita washenzi wana macho makali kama ya wanyama. Rivers aliwapima watu wa kisiwa cha Mer, akaona macho yao hayapitani sana na ya Wazungu. Walichozidi ni ujuzi wa bahari yao. Mvuvi wetu yeyote angemwambia hayo bila ya vipimo!

Aliporejea aligeukia kileo na kafeini. Kwanza alijinyima mwenyewe pombe, chai na kahawa kwa muda mrefu. Kisha akatambua kosa lililowapita watangulizi wake: mtu akijua amekunywa nini, matumaini na ladha humchangamsha hata kabla dawa haijafanya kazi. Kwa hiyo akatengeneza kinywaji cha kulinganishia, kisichoweza kutofautishwa na kile chenye dawa, na mnywaji asijue siku gani amepewa kipi. Kwa njia hiyo, vipimo vidogo vya kileo havikuonyesha ile nguvu kubwa iliyodaiwa katika kazi ya misuli. Alitoa mihadhara juu ya hayo mwaka 1906, na kitabu kikatoka mwaka 1908. Kila dawa mpya inayojaribiwa leo kwa kulinganishwa na kidonge kitupu inapita njia ambayo yeye ni miongoni mwa walioifyeka.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwatibu maofisa waliovunjika nafsi katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kwa mazungumzo badala ya kemeo. Mmoja wao alikuwa mshairi Siegfried Sassoon, aliyeipinga vita hadharani mwaka 1917. Sassoon alirudi vitani, nasi hatuoni kwamba tabibu aliyewaponya watu ili warejeshwe kwenye mizinga aliweza kulala kwa raha.

Lakini kwetu sisi uzito wake uko kwingine. Mwaka 1908 alikuwa amekaa Visiwa vya Solomon, katika kisiwa cha Simbo, ambacho Waingereza walikiita Eddystone. Utawala wa kikoloni ulikuwa umepiga marufuku uwindaji wa vichwa vya watu. Hakuna atakayeutetea ukatili ule. Hata hivyo, uchongaji wa mitumbwi mikubwa, karamu na ibada vilifungamana nao, vikaanguka pamoja. Rivers alikusanya nasaba za ukoo baada ya ukoo, akaona uzazi umepungua na ndoa zisizo na watoto zimeongezeka. Katika kitabu alichokihariri mwaka 1922 hakuyakanusha maradhi yaliyoletwa na wageni, wala madhara ya kuwachukua vijana kwenda mashambani ya Queensland na Fiji. Bali alisisitiza kwamba watu walionyang'anywa mambo yao hupoteza hamu ya kuishi, na mwili hufuata. Baadhi ya wataalamu wa baadaye wameyapa maradhi uzito zaidi kuliko yeye. Dawa aliyoipendekeza, kichwa cha nguruwe badala ya cha mtu, inachekesha kidogo, kwa maana bado ni mgeni anayewapangia wenyeji sherehe yao. Ila ofisa anayepeleka zahanati kijijini bila ya kuwauliza wanakijiji angefaidika kwa kuisoma insha ile.

Mwaka huo huo alikubali kugombea Ubunge kwa tiketi ya Chama cha Labour. Ngiri ilimwua tarehe 4 Juni, 1922, akiwa na umri wa miaka 58, kabla kura hazijapigwa.