Halimah As-Sa‘diyyah: Mama Aliyekaukiwa Maziwa, Kisha Akamnyonyesha Mtume



Kila anapozaliwa mtoto katika nyumba zetu, hurudi mjadala uleule. Huyu anasema mama wa kweli hunyonyesha miaka miwili kamili. Yule anajibu kuwa yeye amekuzwa kwa maziwa ya kopo na hana kasoro yoyote. Anayeumia mara nyingi ni mzazi aliye ndani ya arubaini yake: mtoto analia, maziwa hayatoki, na kila anayeingia kumpa hongera ana neno la kumchoma. Kabla ya kumhukumu, tuirejee Siyrah. Tumtazame mwanamke ambaye Umma wote unamjua kwa maziwa yake, naye siku alipoingia Makkah hakuwa nayo ya kumtosha hata mwanawe.

Nasaba yake

Ni Halimah bint Abi Dhu-ayb, wa Banu Sa‘d bin Bakr, tawi la kabila la Hawazin. Mumewe ni Al-Harith bin ‘Abdil-‘Uzza. Watoto wao wanaotajwa katika Siyrah ni ‘Abdullah, Unaysah na Hudhafah, ambaye amejulikana zaidi kwa lakabu ya Ash-Shayma.

Ilikuwa ada ya watu wa Makkah kuwapeleka watoto wao wachanga jangwani kwa walezi wa kabila kama hili, wapate hewa safi, waepukane na maradhi ya mji na wajifunze Kiarabu fasaha. Mama aliyempeleka mwanawe kwa mnyonyeshaji hakuonekana kuwa amemtupa.

Mwaka wa ukame

Siyrah ya Ibn Is-haaq inasimulia kuwa Halimah alitoka kwao pamoja na wanawake wenzake kwenda kutafuta watoto wa kunyonyesha. Ulikuwa mwaka mkavu uliomaliza kila kitu. Alipanda punda dhaifu aliyeuchelewesha msafara mzima. Walikuwa na ngamia jike mzee ambaye hakutoa hata tone. Usiku hawakulala kwa kilio cha mtoto wao, kwani kifuani mwa mama hapakuwa na cha kumshibisha.

Makkah kila mwanamke alionyeshwa mtoto wa Aminah bint Wahb, na kila mmoja alimwacha alipojua kuwa ni yatima. Walezi walitaraji ukarimu wa baba, na baba yake, ‘Abdullah, alikwisha kufariki. Mpaka hapo mtoto alikuwa amenyonyeshwa siku chache na Thuwaybah, mjakazi wa Abu Lahab.

Wenzake wote wakapata watoto, akabaki Halimah peke yake. Aliona uzito kurudi mikono mitupu, akamwambia mumewe kuwa atamchukua yule yatima. Mumewe akaridhia, akitumai huenda Allah Akawajaalia baraka kwake.

Usiku wa kwanza

Alipompakata na kumpa ziwa, maziwa yalikuja. Mtoto akanyonya akashiba, na nduguye wa kunyonya akashiba pia, wote wawili wakalala. Al-Harith akamwendea yule ngamia mzee akakuta kiwele kimejaa, wakakama, wakanywa. Njiani kurudi, punda aliyekuwa wa mwisho akawapita wengine hata wenzake wakashangaa. Na huko kwao, kondoo wa Halimah walirudi jioni wameshiba huku wa majirani wakirudi na njaa, mpaka majirani wakawaagiza wachungaji wao walishe pale alishapo mchungaji wake.

Kuachishwa ziwa

Alipotimiza miaka miwili alimwachisha ziwa, akampeleka kwa mama yake. Lakini moyo wake haukutaka kuachana naye. Akamsihi Aminah amwachie tena, akihofia maradhi ya Makkah, naye akakubali. Kikaja kisa cha kupasuliwa kifua, ambacho asili yake imo katika Swahiyh Muslim. Halimah na mumewe wakaingiwa na hofu, wakamrudisha kwa mama yake akiwa na umri wa miaka minne au mitano hivi. Aminah alifariki Mtume alipokuwa na miaka sita.

Haki ya maziwa

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) hakuisahau haki ile. Imepokewa kuwa Halimah alimjia baada ya kumuoa Bibi Khadijah (Radhiya Allaahu ‘anhaa), akalalamika ukame, naye Khadijah akampa kondoo arubaini na ngamia.

Mwaka wa 8 Hijriyyah, baada ya vita vya Hunayn, Hawazin walikuwa mateka. Ash-Shayma alijitambulisha kwa alama ya jino ambayo Mtume alimwachia utotoni. Akamtandikia shuka yake, akamkirimu na kumpa hiari, naye akachagua kurudi kwa watu wake. Ujumbe wa Hawazin ulipokuja ukamkumbusha kuwa miongoni mwa mateka wamo shangazi na mama zake wadogo wa kunyonya. Akaachia fungu lake, Swahaba wakafuata, na maelfu ya watu wakaachwa huru. Katika Sunan Abi Dawud imo pia riwaya ya mama yake wa kunyonya aliyemjia Al-Ji‘ranah akamtandikia shuka aketi.

Mafunzo kwa familia zetu

Kwanza, ziwa la mama ni neema. Qur-aan katika Suratul-Baqarah, aya ya 233, imeweka miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita, kisha yaendelee pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Anayeweza asiliache kwa kufuata mkumbo wala tangazo la dukani.

Pili, aya hiyohiyo imeruhusu kuachisha mapema kwa maridhiano na ushauri wa wazazi wawili, na kumtafutia mtoto mnyonyeshaji. Imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na imemwajibisha baba kutoa matumizi. Basi baba asidai miaka miwili ilhali mkewe analala na njaa, na mawifi wasimsimange.

Tatu, aliyelazimika kutumia maziwa ya kopo hana dhambi. Awe na ushauri wa daktari, maji yaliyochemshwa, vyombo safi na kipimo sahihi. Kuyazimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumnyima mtoto lishe yake.

Nne, maziwa ya kopo hayaleti undugu, ya mwanamke yanaleta. Kwa madhehebu ya Shafi‘i, manyonyesho matano kamili ndani ya miaka miwili humfanya mtoto kuwa mwana wa aliyemnyonyesha, hata maziwa yakikamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe. Katika visiwa vyetu, ambako jirani humpakata mtoto wa jirani, jambo hili liandikwe na lisemwe wazi. ‘Uqbah bin Al-Harith alikwisha kuoa ndipo bibi mmoja akamwambia kuwa aliwanyonyesha wote wawili; alisafiri hadi Madinah kumuuliza Mtume, na ndoa ile ikavunjika.

Aminah hakumnyonyesha mwanawe miaka miwili, na hakuna Muislamu anayemlaumu. Halimah alikaukiwa maziwa, na hakuna anayemcheka. Basi anayemkuta mzazi analia na mtoto wake analia, ampikie uji, amshike mtoto kidogo ili mama apumzike, na amwombee dua.

Wa Allaahu A‘lam.