Janis Joplin: Mwimbaji aliyenunua Porsche ya mtumba kwa dola 3,500, ikaja kuuzwa dola milioni 1.76

Septemba 1968, dada wa miaka 25 mwenye nywele timtim na bangili kibao mikononi alinunua gari Beverly Hills, California. Ilikuwa Porsche 356 C, ile ya paa la turubai linalofunuliwa. Haikuwa mpya. Ilitengenezwa mwaka 1964 na alilipa dola 3,500.

Huyo ndiye Janis Joplin. Mwezi mmoja kabla ya hapo albamu ya Cheap Thrills, aliyoimba na bendi yake ya Big Brother and the Holding Company, ilikuwa imetoka, na ikaja kukaa namba moja Marekani kwa wiki nane. Mkwanja ulikuwa umeanza kuingia. Na kama ilivyo kwa mtu yeyote aliyesota, hela ya kwanza ya maana ikaenda kwenye gari.

Alikuwa amesota kweli. Janis alizaliwa Januari 19, 1943, Port Arthur, Texas, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta. Baba yake, Seth, alifanya kazi kampuni ya mafuta ya Texaco. Nyumbani kulikuwa na vitabu na maisha ya kawaida tu. Shida ilikuwa shuleni. Alikuwa na chunusi na alinenepa kidogo, halafu alipenda muziki wa watu weusi na hakuona ubaya wa wao kusoma pamoja na wazungu. Kwa Texas ya miaka ile, hilo la mwisho lilitosha kukufanya uzomewe kila siku.

Chuoni nako hakukuwa na nafuu. Mwaka 1962 akiwa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kulikuwa na shindano la utani la kumtafuta mwanamume mwenye sura mbaya kuliko wote chuoni. Kuna watu wakaliandikisha jina lake. Mwanamke! Januari 1963 aliacha masomo, akaomba lifti barabarani na rafiki yake Chet Helms mpaka San Francisco.

Safari ya kwanza ilimshinda. Alizama kwenye dawa za kulevya, akakonda vibaya, na mwaka 1965 akarudi kwa wazazi wake. Alifunga nywele kistaarabu, akavaa kama wenzake, akarudi darasani. Hakudumu. Juni 1966 alirudi tena San Francisco kuimba na Big Brother, na mwaka mmoja baadaye kwenye tamasha la Monterey watu walibaki midomo wazi. Sauti ile ilitoka kama mtu anayelia, anayecheka na anayegombana kwa wakati mmoja.

Sasa turudi kwenye gari.

Porsche 356 ndiyo modeli ya kwanza ambayo kampuni ya Porsche ilitengeneza kwa ajili ya kuuza. Injini yake iko nyuma, ina silinda nne na ukubwa wa lita 1.6, na inapozwa kwa upepo. Hakuna rejeta, hakuna maji. Ukoo wake ni ule ule wa Volkswagen za kizamani zenye mgongo wa kobe, ila hii imepewa nguvu na mwonekano wa kitajiri. Ile ya Janis ilikuwa na breki za diski magurudumu yote manne, na kwa wakati ule hicho kilikuwa kitu kikubwa.

Lakini mwaka 1965 kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuitengeneza, nafasi yake ikachukuliwa na 911. Kwa hiyo Janis hakununua gari la mtindo uliokuwa ukitamba. Alinunua la kizamani kidogo lenye jina.

Ukimwuliza fundi yeyote anayezijua gari hizi, atakwambia adui wa kwanza ni kutu. Bodi na chesesi ya 356 vimechomelewa pamoja kuwa kitu kimoja, sakafu ikiliwa ni gari zima limeliwa. Na ukiwa na paa la turubai, maji yakipenya pembeni yanajificha chini ya mazulia, unakuja kushtuka mguu umetokea chini. Mnunuzi makini angepiga magoti akague sakafu kwanza.

Janis yeye lililomkera ni rangi. Gari lilikuwa na rangi moja tu, na kwake hiyo ilikuwa imepoa mno. Akamwita Dave Richards, kijana aliyekuwa akibeba na kufunga vyombo vya bendi, akampa dola 500 alipake upya. Hesabu hapo: mtu kanunua gari kwa 3,500, halafu analipa karibu sehemu ya saba ya bei kwa rangi peke yake.

Richards hakupaka, alichora. Kuanzia boneti hadi nyuma kulijaa vipepeo, uyoga, vilima vya California, alama ya nyota ya Mbuzi aliyozaliwa nayo Janis, jicho la Mungu, na sura za wanabendi akiwemo yeye mwenyewe. Kazi yote akaiita Historia ya Ulimwengu. Juu yake akapiga vanishi ya kulinda michoro. Kumbuka hiyo vanishi.

Mimi huwa nairudia sana sehemu hii. Msichana ambaye sura yake ilifanywa kichekesho cha chuo kizima alikwenda kuichoresha sura hiyo hiyo kwenye gari la wazi, akaliendesha mchana kweupe katikati ya mji. Na hakulifungia gereji ili lisichafuke. Lilikuwa gari la kwendea kila mahali. Alipoliegesha San Francisco, alirudi na kukuta mashabiki wamembania vikaratasi kwenye waipa.

Tatizo la gari kama hilo ni kwamba kila mtu analijua, hata mwizi. Mwaka 1969, Janis akiwa jukwaani ukumbi wa Winterland, San Francisco, gari likaibwa. Mwizi naye hakuwa mjinga: alijua akitoka nalo hivyo atakamatwa kona ya kwanza, akaanza kulipulizia rangi ya kijivu kuficha michoro.

Gari likapatikana. Na hapo vanishi ya Richards ikafanya kazi yake. Kijivu cha mwizi kilikuwa kimekaa juu tu, Richards akakiondoa taratibu bila kuharibu michoro iliyokuwa chini. Bila lile tabaka, Historia ya Ulimwengu ingeishia hapo.

Janis alikuwa ameshaachana na Big Brother mwishoni mwa 1968, na mwaka huo wa 1969 akaimba Woodstock, akanunua nyumba Larkspur, kaskazini mwa San Francisco. Pombe na heroini vilimwandama. Kuna vipindi aliacha, kisha akarudia. Agosti 1970 alichangia nusu ya gharama za kuweka jiwe la kaburi la Bessie Smith, mwimbaji mweusi aliyemfundisha kuimba bila kukutana naye, ambaye alikuwa amelala bila alama tangu 1937. Mwezi huo huo akaenda Port Arthur kwenye mkutano wa waliomaliza naye shule. Alikwenda na manyoya kichwani na waandishi wa habari nyuma yake. Alirudi roho ikiwa bado inauma.

Septemba alikuwa Los Angeles akirekodi albamu ya Pearl. Oktoba 1 aliingia studio akarekodi, bila ala yoyote, wimbo wa utani wa kumwomba Mungu ampe Mercedes Benz. Watu wengi wanaujua wimbo huo kuliko gari lenyewe. Aliuimba mtu mwenye Porsche, akiwacheka wanaodhani furaha inanunuliwa yadi.

Jumapili, Oktoba 4, wenzake walimsubiri studio aje kuweka sauti kwenye wimbo ambao ala zake zilikuwa tayari. Hakuja. Meneja wake wa safari, John Cooke, akaenda hoteli ya Landmark, Hollywood, alikofikia. Kwenye maegesho akaiona Porsche ile ile ya rangi, haijaondoka. Gari lipo, mwenyewe hapokei simu. Alipofungua chumba namba 105 alimkuta Janis amefariki. Ilikuwa heroini. Alikuwa na miaka 27.

Wimbo ule uliosubiri sauti uliwekwa kwenye Pearl ukiwa ala tupu. Albamu ilitoka Januari 1971 ikaenda namba moja.

Gari likabaki na meneja wake mkuu, Albert Grossman, aliyewaazima wageni wake kama gari la kuzungukia. Baadaye wadogo zake Janis, Laura na Michael, wakalichukua. Na Michael akakutana na swali linalomkuta kila mwenye gari la zamani: rangi inabanduka, unafanyaje? Akafanya kile ambacho kitabu chochote cha magari kingemshauri. Akalirudisha kwenye kijivu kilichotoka kiwandani.

Kisheria za wapenda magari, hakukosea. Ila lilibaki Porsche kama Porsche nyingine. Miaka ya 1990 mwanzoni familia ikabadili mawazo, ikawapa wasanii wa jumba la maigizo la Denver kazi ya kuchora kila kitu upya, kipepeo kwa kipepeo, kwa kutazama picha za zamani. Kisha gari likaenda kukaa kwenye jumba la makumbusho la Rock and Roll, Cleveland, kwa karibu miaka 20.

Desemba 2015 likapelekwa mnadani New York. Wenye mnada walitarajia dola 400,000 hadi 600,000. Likaondoka kwa dola milioni 1.76. Mkono wa Richards haukuwepo tena, wala kijivu cha mwizi. Aliyelipa alipata nakala iliyochorwa kutoka kwenye picha, juu ya bodi ile ile ambayo Janis aliikuta Beverly Hills, paa la turubai likiwa bado linafunuka.