Paul Sabatier: Mshenga wa Elementi

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii inamwafiki Paul Sabatier, mwanakemia Mfaransa aliyekataa kuuhama mji wa mkoani kwa ajili ya fahari ya Paris, na bado sifa zikamfuata huko huko. Hata hivyo, maisha yake yanatuachia swali zito: kazi ikifanywa na wawili, tuzo ni ya nani?

Sabatier alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 mjini Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Alisomea Paris, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1880 baada ya utafiti katika maabara ya Marcellin Berthelot, kisha akarejea kusini. Mwaka 1884 aliteuliwa kuwa profesa wa kemia mjini Toulouse, mji ambao hakuuacha tena.

Mnamo 1890, Ludwig Mond na wenzake waligundua kwamba nikeli huweza kuungana na gesi ya kaboni monoksaidi. Sabatier akajiuliza iwapo metali hiyo ingeshikana na gesi nyingine pia. Wakati huo Henri Moissan na Charles Moureu walikuwa wamepitisha asetilini juu ya nikeli, wakaona joto kali na kudhani kwamba hilo ni tukio la kifizikia tu. Kwa uungwana, Sabatier aliwauliza kwanza kama walikusudia kuendelea. Walipomwachia uwanja, aliingia kazini.

Mwaka 1897, akiwa na Jean-Baptiste Senderens, kasisi wa Kikatoliki aliyekuwa pia mwanakemia, alipitisha ethilini juu ya unga wa nikeli uliopashwa moto. Katika gesi iliyotoka walikuta ethani. Maana yake ilikuwa wazi: haidrojeni ilihamishiwa kwenye ethilini, na nikeli ndiyo iliyowezesha uhamisho huo. Mwaka 1902 waligeuza kabonidioksaidi na haidrojeni kuwa methani na maji.

Wengi waliamini kwamba kichocheo ni shahidi tu wa mmenyuko. Sabatier alikiona kama mshenga: humshika huyu mkono, akamkabidhi kwa mwenzake, kisha akajiondoa akiwa mzima, tayari kwa posa nyingine. Akishika kwa ulegevu, hapana ndoa. Aking'ang'ania, hapana ndoa vilevile. Kanuni hiyo ingali inawaongoza watafiti wa vichocheo.

Matunda yake yalifika hata jikoni. Mwaka 1902, Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa haidrojeni na nikeli, msingi wa majarini za viwandani. Aidha, mwaka 2010 mtambo unaotumia mmenyuko wa Sabatier ulipelekwa katika Kituo cha Anga cha Kimataifa ili kupata maji kutokana na hewa waliyoitoa wanaanga.

Mwaka 1907 Sabatier alikataa kurithi kiti cha Moissan mjini Paris. Mwaka 1912 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akigawana na Victor Grignard, mtafiti wa uwanja mwingine. Senderens, aliyekuwa ametuzwa pamoja naye na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka 1905, hakutajwa miongoni mwa washindi.

Sabatier alifariki tarehe 14 Agosti 1941 mjini Toulouse. Ukuu wake hauna shaka. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na msomi anayelitaja jina lake ana deni la kulitaja la Senderens pia.