Cosgrave: Diwani aliyelilea Bunge la Ireland huru vita vikirindima

HISTORIA ya uhuru wa Ireland inapotajwa, wengi hukumbuka majina mawili: Michael Collins, aliyeuawa akiwa na umri wa miaka 31, na Éamon de Valera, aliyekuwa nguzo ya siasa za nchi hiyo kwa karibu nusu karne. Ni wachache wanaomkumbuka William Thomas Cosgrave, mtu asiyependa makuu, ambaye ndiye aliyesimamia kuundwa kwa Bunge la kwanza la Ireland huru na kuiongoza serikali yake kwa miaka 10 ya mwanzo.

Alizaliwa Juni 1880 katika barabara ya James's Street jijini Dublin, ambapo baba yake alikuwa na duka la vyakula na vileo. Alisoma katika shule ya watawa wa Kikatoliki, na akiwa kijana wa miaka 25 alihudhuria mkutano wa kwanza wa Sinn Féin, kundi lililodai kwamba watu wa Ireland wajitawale badala ya kutawaliwa kutoka London.

Mnamo 1909, alichaguliwa diwani katika baraza la jiji la Dublin. Huko ndiko alikojifunza kazi iliyomfaa baadaye kuliko hotuba: kusoma makadirio ya bajeti, kukagua matumizi na kujua jinsi maji, barabara na nyumba za maskini zinavyogharimiwa.

Hakuwa mtu wa makaratasi pekee. Alijiunga na Irish Volunteers, jeshi la kujitolea lililoundwa 1913, na katika maasi ya Pasaka ya 1916 alipigana chini ya Éamonn Ceannt katika South Dublin Union, makao makubwa ya maskini na wagonjwa karibu na kwao. Ndugu yake wa kambo, Frank Burke, aliuawa katika mapigano hayo. Ceannt alipigwa risasi na Waingereza. Cosgrave naye alihukumiwa kifo, lakini adhabu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa 1917 kwa msamaha wa jumla, na Agosti mwaka huo akashinda uchaguzi mdogo wa ubunge jijini Kilkenny.

Bunge la mafichoni

Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1918, Sinn Féin ilitwaa viti 73 kati ya 105 vya Ireland katika Bunge la Uingereza. Washindi hao walikataa kwenda London. Januari 21, 1919, wale waliokuwa huru, wasiozidi 30 kwa kuwa wengi walikuwa gerezani, walikutana katika jumba la Mansion House, Dublin, na kuanzisha Bunge lao waliloliita Dáil Éireann. Siku hiyo hiyo polisi wawili waliuawa katika shambulizi la kuvizia huko Soloheadbeg, kaunti ya Tipperary. Vita vya uhuru vikawa vimeanza.

Cosgrave aliteuliwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Wizara hiyo haikuwa na ofisi ya kudumu, na Waingereza walilipiga marufuku Bunge lenyewe Septemba 1919. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa mabaraza wa 1920, yeye na naibu wake, Kevin O'Higgins, walifaulu kuyashawishi mengi ya mabaraza ya kaunti yavunje uhusiano na utawala wa Kiingereza na kuutambua utawala wa Dáil. Wengine walipokuwa wakiitikisa himaya kwa bunduki, Cosgrave aliipokonya vitabu vya hesabu.

Mapigano yalisimamishwa Julai 1921. Mazungumzo yaliyofuata yalizaa Mkataba uliotiwa saini London Desemba 6, 1921. Kaunti 26 zingekuwa dola yenye kujitawala ndani ya Himaya ya Uingereza, huku kaunti sita za kaskazini zikiruhusiwa kujitenga. Mfalme angewakilishwa na Gavana Mkuu, na wabunge wangekula kiapo cha kuwa waaminifu kwa Mfalme. Msomaji wa Kenya anaweza kukumbuka mwaka mmoja baina ya Desemba 1963 na Desemba 1964, nchi hii ilipokuwa huru lakini ingali na Gavana Mkuu aliyemwakilisha Malkia.

De Valera, aliyekuwa Rais wa Dáil, aliukataa Mkataba. Baraza la mawaziri saba liligawanyika. Mawaziri watatu walikuwa miongoni mwa waliotia saini. Watatu wengine waliupinga. Aliyebaki ni Cosgrave. Aliunga mkono Mkataba, na kwa kura hiyo ya nne ukapelekwa Bungeni, ambako uliidhinishwa Januari 7, 1922, kwa kura 64 dhidi ya 57. De Valera na wafuasi wake wakatoka nje siku chache baadaye.

Viongozi wawili wafariki kwa siku 10

Uchaguzi wa Juni 16, 1922, ulikuwa wa kuteua Bunge litakaloandika katiba. Kati ya viti 128, waliounga mkono Mkataba walipata 58, waliopinga 36, chama cha Leba 17, na vilivyosalia vikaenda kwa wakulima na wagombea huru. Kabla wabunge hao hawajakutana, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka. Juni 28, majeshi ya Serikali ya Muda yaliyashambulia kwa mizinga majengo ya mahakama ya Four Courts, yaliyokuwa yametekwa na wapinzani wa Mkataba.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa mara kadhaa. Agosti 12, Arthur Griffith, aliyechukua nafasi ya de Valera, alifariki ghafla. Agosti 22, Collins, mwenyekiti wa Serikali ya Muda na kamanda wa majeshi, alipigwa risasi katika shambulizi la kuvizia huko Béal na Bláth, kaunti ya Cork. Nchi isiyokuwa na katiba wala Bunge lililoketi ilipoteza viongozi wake wawili wakuu katika siku 10. Mzigo ulimwangukia Cosgrave, ambaye hakuwa ameutafuta.

Kulikuwapo na shinikizo la kuendelea kuahirisha kikao hadi vita viishe. Lakini kila kikao kilipoahirishwa, hoja ya wapinzani kwamba serikali hii ilikuwa genge la watu wachache wenye bunduki za Waingereza ilipata nguvu. Septemba 9, 1922, Bunge liliitishwa katika ukumbi wa mihadhara wa Leinster House, jengo lililoazimwa kutoka kwa chama cha Royal Dublin Society. Wanajeshi walilinda malango.

Wabunge waliopinga Mkataba hawakuhudhuria, isipokuwa mmoja, Laurence Ginnell. Alitaka kwanza aelezwe kama hilo lilikuwa Bunge la Ireland yote au la nchi iliyokatwa vipande. Swali lake lilikuwa zito, kwani kisheria kikao hicho kilitokana na Mkataba, ilhali waliokaa humo walijiona warithi wa Dáil ya 1919. Hakujibiwa, alitolewa nje. Michael Hayes akachaguliwa Spika, na Cosgrave akachaguliwa Rais wa Dáil.

Upinzani haukukosekana kabisa. Thomas Johnson, kiongozi wa Leba, pamoja na wenzake waliamua kuketi na kuihoji serikali kila siku, hata pale walipojua watashindwa kwa kura. Bila wao, Leinster House ingekuwa ukumbi wa kupigia makofi tu. Mwishoni mwa Septemba walipinga azimio lililozipa mahakama za kijeshi mamlaka ya kutoa hukumu ya kifo, lakini likapita.

Katiba yenyewe ilikamilika Bungeni Oktoba 25 na kuanza kutumika Desemba 6, 1922, siku ambayo Irish Free State ilizaliwa rasmi. Iliweka Bunge la mabaraza mawili, ikawapa wanaume na wanawake wote waliotimu miaka 21 haki sawa ya kupiga kura, miaka sita kabla ya Uingereza kufanya hivyo, na ikaagiza viti vigawanywe kwa uwiano wa kura ili wachache wasimezwe. Cosgrave aliteua nusu ya maseneta 60. Miongoni mwao walikuwamo wengi waliotaka Ireland ibaki chini ya Uingereza, kwa sababu aliona kwamba nao ni wananchi wa dola hiyo mpya. Mshairi W. B. Yeats alikuwa mmoja wa walioteuliwa.

Doa la Desemba

Siku moja tu baada ya sherehe hizo, mbunge Seán Hales aliuawa kwa risasi barabarani Dublin, na naibu Spika Pádraic Ó Máille akajeruhiwa. Wapinzani walikuwa wametangaza kwamba wabunge waliopitisha azimio la mahakama za kijeshi wangeuawa. Kama wabunge wangeogopa kufika, Bunge lingekufa likiwa na umri wa miezi mitatu.

Usiku huo serikali iliamua kuwaua wafungwa wanne: Rory O'Connor, Liam Mellows, Joe McKelvey na Dick Barrett. Alfajiri ya Desemba 8 walipigwa risasi katika gereza la Mountjoy. Walikuwa kizuizini tangu Juni, kwa hiyo hawangeweza kumuua Hales. Hawakushtakiwa, wala hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. O'Higgins, aliyekuwa waziri katika serikali hiyo, alikuwa amesimamiwa na O'Connor siku ya harusi yake mwaka uliotangulia.

Johnson aliikemea serikali Bungeni akisema hayo yalikuwa mauaji. Cosgrave alisimama na kuyatetea kama njia pekee ya kukabili ugaidi. Ni kweli kwamba mauaji ya wabunge yalikoma. Ni kweli pia kwamba serikali iliyodai kulinda sheria iliikanyaga sheria. Hadi vita vilipokoma Mei 1923, wafungwa zaidi ya 70 walikuwa wameuawa kwa amri ya serikali, na chuki iliyobaki ilirithiwa na watoto na wajukuu. Nyumba ya Cosgrave mwenyewe iliteketezwa Januari 1923.

Katika miaka iliyofuata aliijenga dola kwa utaratibu wa mtunza duka. Iliundwa polisi isiyobeba bunduki. Ireland ilijiunga na Shirikisho la Mataifa Septemba 1923. Uasi wa maafisa wa jeshi ulizimwa 1924 bila jeshi kuruhusiwa kuwa juu ya Bunge. Mto Shannon ulijengewa mtambo mkubwa wa umeme huko Ardnacrusha, uliofunguliwa 1929. Lakini serikali hiyo pia ilipunguza pensheni ya wazee kwa shilingi moja kutoka 10 mnamo 1924, na mpaka na Ireland Kaskazini ulibaki palepale baada ya tume ya 1925. Wapiga kura hawakusahau.

Kuaga madaraka

Julai 10, 1927, O'Higgins aliuawa akielekea kanisani. Cosgrave alijibu kwa sheria iliyomtaka kila mgombea aahidi kula kiapo na kuketi Bungeni iwapo atachaguliwa. De Valera, aliyekuwa ameunda chama cha Fianna Fáil 1926, alilazimika kuchagua, na Agosti aliingia Dáil na wabunge wake. Siku chache baadaye, Agosti 16, hoja ya kutokuwa na imani na serikali ilipata kura 71 kwa 71, baada ya mbunge wa Sligo, John Jinks, kukosa kufika. Spika akaipigia serikali kura yake. Cosgrave alinusurika, lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa kwamba waliopigana naye kwa risasi sasa walikuwa wakipigana naye kwa kura.

Februari 1932, Fianna Fáil ilishinda viti 72, chama cha Cosgrave, Cumann na nGaedheal, kikapata 57. Uvumi wa mapinduzi ulienea. Jeshi na polisi viliongozwa na watu walioshinda vita vya 1923, na walioshindwa ndio waliokuwa wakija kuwaamuru. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wabunge wa Fianna Fáil waliingia Bungeni Machi 9 wakiwa na bastola mifukoni. Hazikuhitajika. De Valera alichaguliwa kwa kura 81 dhidi ya 68, na Cosgrave akavuka upande wa pili wa ukumbi, akakaa kwenye viti vya upinzani.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtu aliyeamuru wafungwa wauawe ili Bunge lisife, aliliachia Bunge hilo hilo limwondoe. Angeweza kutafuta kisingizio, na wapo waliokuwa tayari kumpa. Hakukitafuta.

Aliongoza chama kipya cha Fine Gael kuanzia 1935 hadi alipostaafu siasa 1944. Alifariki Novemba 16, 1965, akiwa na umri wa miaka 85, de Valera akiwa Rais wa nchi, na akafanyiwa mazishi ya kitaifa. Alizikwa katika makaburi ya Goldenbridge, Dublin. Mwanawe, Liam Cosgrave, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1973 hadi 1977.

Leinster House, lile jengo la kuazima, lilinunuliwa na serikali 1924. Dáil hukutana humo hadi leo.