Paul Graetz: Luteni aliyepitisha gari katika njia ya wapagazi hadi Tabora

KWA miaka mingi, kila kitu kilichofika Tabora kutoka pwani kilifika juu ya bega au kichwa cha binadamu. Nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti vilipanda kutoka Bagamoyo. Pembe za ndovu zikateremka. Mpagazi mmoja wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na msafara ulitumia kiasi cha miezi mitatu kufika Unyanyembe.

Katika njia hiyo hiyo, mwaka 1907, alipita mtu aliyekuja na kitu ambacho hakikuwahi kupita huko. Jina lake ni Paul Graetz, luteni wa Kijerumani, na kitu chenyewe kilikuwa gari la petroli.

Historia inamtambua Graetz kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa gari, kutoka Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Atlantiki. Alizaliwa Julai 24, 1875, katika mji wa Zittau, mashariki mwa Ujerumani, na alikuja Afrika Mashariki akiwa ofisa wa jeshi la kikoloni.

Hakuwa wa kwanza kutafuta namna ya kumwondoa mpagazi katika njia ya misafara. Wamisionari wa Kiingereza wa Chama cha London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe katika miaka ya 1870, lakini ng'ombe wakateketea kwa ugonjwa wa mbung'o. Mwaka 1879, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka India, walioteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, na kupelekwa bara. Nao walikufa mmoja baada ya mwingine.

Mashine haiumwi na mbung'o. Hapo ndipo lilipokuwa tumaini la Graetz.

Gari lake lilitengenezwa mahususi kwa safari hiyo na kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Lilikuwa na injini ya silinda nne, na magurudumu makubwa yaliyoliinua juu ili lipite katika visiki na mawe. Kwa kuwa hapakuwa na kituo hata kimoja cha mafuta katika njia yote, petroli ilitangulizwa na kuwekwa akiba katika vituo mbalimbali.

Waliotanguliza mizigo ya namna hiyo kule ambako hapakuwa na reli walikuwa wapagazi wale wale. Ili gari lionekane kwamba linajiendesha lenyewe, watu walitembea kwanza kwa miguu na kulibebea chakula chake.

Safari ilianza Dar es Salaam Agosti 10, 1907. Graetz alikuwa na umri wa miaka 32. Nchi ilikuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, na Reli ya Kati ilikuwa ikijengwa kuelekea Morogoro, ambako ilifika mwishoni mwa mwaka huo. Kutoka Morogoro kwenda mbele ilikuwa njia ya miguu iliyochimbwa na nyayo za misafara.

Wazee wa misafara waliijua njia hiyo kwa majina ya mateso yake. Palikuwa na mbuga za Mkata, kati ya Morogoro na Kilosa, zinazogeuka tope mvua ikinyesha. Baada ya Mpwapwa palikuwa na Marenga Mkali, nchi kavu yenye maji machache na ya chumvi. Mbele ya Ugogo ulitanda Mgunda Mkali, msitu ambao msafara uliutembea kwa siku nyingi kabla ya kuiona Tabora.

Mahali ambapo mtu mwenye mzigo hupita, gari halipiti. Mto usio na daraja ulimlazimu Graetz kutengeneza njia ya kuteremkia na ya kupandia. Kwenye mchanga na tope, gari lilifungwa kamba na wanavijiji wakalivuta.

Pigo kubwa katika sehemu hii ya safari halikuwa mto wala simba. Lilikuwa injini.

Injini ya wakati ule ilipozwa kwa maji, na ilihitaji mwendo ili upepo upite katika rejeta. Gari linalojikokota mchangani kwa mwendo wa binadamu, huku injini ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, huchemsha maji upesi. Maji yakikauka, chuma huungua. Yakiongezwa ya baridi ghafla, chuma hupasuka. Silinda za gari la Graetz ziliharibika, na hapakuwa na gereji wala fundi wa vyuma aliyeweza kuzirudishia uzima.

Silinda mpya ziliagizwa Ujerumani. Barua ilipaswa kufika pwani, kisha Ulaya. Vipuri navyo vikasafiri kwa meli na kupandishwa bara. Miezi ikapita gari likiwa limesimama, wakati misafara ya miguu ikilipita.

Jambo moja lilimsaidia. Katika magari mengi ya enzi hizo, silinda zilisubiwa peke yake na kufungwa kwa bolti juu ya sanduku la kranki. Fundi aliweza kuzing'oa na kufunga nyingine bila kuibomoa injini yote. Hata hivyo, kufanya kazi hiyo porini kulitaka subira: pistoni zisikwaruzwe, viungo visivujishe, na moto wa plagi uwake kwa wakati wake. Kosa dogo lingemaanisha kuagiza upya na kusubiri upya.

Gari lilipata moyo mpya, likaunguruma tena na kuelekea Tabora.

Mji huo ulikuwa umekwishaona wageni wa kila namna. Burton na Speke waliufikia mwaka 1857. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, na mwaka uliofuata Chuma na Susi walipita hapo na maiti ya Livingstone wakiirudisha pwani. Mwaka 1893 Mtemi Isike alijilipua ndani ya ngome yake kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani. Wote hao walikwenda kwa miguu, wakapanda punda au wakabebwa.

Kutoka Tabora, Graetz alielekea kusini-magharibi hadi Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Akaingia katika nchi ambayo leo ni Zambia, akapita Broken Hill na Livingstone, kisha Bulawayo na Johannesburg. Mwisho alilikabili jangwa la Kalahari, ambako kiu ilikuwa adui mbaya kuliko tope la Mkata.

Aliingia Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Zilikuwa zimepita siku 630. Msafiri mwenza na fundi aliotoka nao Dar es Salaam walikuwa wamekwishaachana naye njiani.

Sifa zilimpokea Ujerumani, na kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1910. Hakutulia. Mwaka 1911 alirudi Afrika kulivuka bara kwa boti ya injini, safari hii akianzia pwani ya Msumbiji. Safari hiyo ilidai uhai: mwenzake Mfaransa, Octave Fière, aliuawa na nyati. Graetz aliendelea na kuikamilisha mwaka 1912.

Mwaka huo huo reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Aliyeiua kazi ya mpagazi katika njia ya kati alikuwa garimoshi. Gari la Graetz lilikuwa limethibitisha kwamba injini inaweza kufika, lakini pia lilithibitisha kwamba bila barabara, mafuta na vipuri, injini ni mzigo mwingine wa kubebwa na watu.

Somo hilo mafundi wa magari nchini walilishika vizuri kuliko viwanda vya Ulaya. Land Rover kuukuu ya Kiingereza iliyochoka injini haisubiri silinda kutoka ng'ambo. Hufungwa injini ya Toyota au Isuzu, gia zikaoanishwa, na gari likarudi kazini.

Graetz alifariki dunia mwaka 1968 nchini Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 92. Jina lake limebaki katika vitabu vya historia ya magari. Majina ya waliotanguliza petroli yake na kulivuta gari lake kwa kamba hayakuandikwa humo, ingawa bila mabega yao gari hilo lisingevuka hata mbuga za Mkata.