Muyaka bin Haji: Malenga wa Mvita na Mapenzi ya Kwao

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Katika watu wa pwani yetu walioishi kwa neno hilo, ni wachache wajulikanao kumshinda Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa, aliyezaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Hakuwa mtawala wala amiri wa jeshi. Mali yake ilikuwa ulimi, na ulimi huo aliutumia kuutetea mji wake mpaka mji ulipoingia mikononi mwa wengine.

Ili kumfahamu Muyaka yatupasa kwanza kuufahamu mji wenyewe. Mombasa, iitwayo pia Mvita na Gongwa, ilikuwa mji wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Msomaji akiyatazama majina haya ataona jambo la ajabu: mengi ni majina ya miji mingine. Mababu wa watu hawa waliondoka Kilifi, Mtwapa, Shaka, Pate au Faza, wengine kwa vita, wengine kwa dhiki, wakaja kisiwani na majina ya kwao. Jina la mji waliouacha likawa jina la ukoo, na kisiwa kikawa kwao kupya. Basi Muyaka alizaliwa katika mji wa watu waliokwisha kujua maana ya kupoteza nyumba na kuijenga upya.

Juu ya mji ilisimama Ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698. Mazrui waliletwa kuwa maliwali wa Imamu wa Omani. Lakini ukoo wa Busaidi uliposhika utawala kule Omani katika karne ya 18, Mazrui walikataa kuutii, wakaitawala Mombasa kwa nguvu zao pamoja na wazee wa Thenashara Taifa. Muyaka alikuwa rafiki wa Mazrui na mtu wa barazani kwao, na ushairi wake ukawa silaha mojawapo ya mji.

Silaha hiyo haikushinda siku zote. Karibu na mwaka 1812 Mombasa iliungana na Pate kwenda kuishambulia Lamu. Majeshi yalishuka Shela, yakashindwa vibaya, na maji yalipokupwa vyombo vikakwama mchangani, watu wakauawa wengi. Lamu nayo ilikuwa na malenga wake, Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi, aliyejibu beti kwa beti na kuwatia watu wake moyo. Hapa pana la kutafakari. Watunzi hao walikuwa wa dini moja na lugha moja, kila mmoja akiapa kuilinda nchi yake, na vita vilikuwa baina ya ndugu. Mapenzi ya kwao yasipokuwa na mpaka huweza kumfanya mtu asiione nyumba ya jirani kuwa ni nyumba. Watu wa Lamu, kwa kuhofu kushambuliwa tena, walitaka himaya ya Seyyid Said wa Omani, naye akapata mguu wa kukanyagia pwani hii.

Tangu hapo mji wa Muyaka haukupata raha. Mwaka 1824 Mazrui walipandisha bendera ya Kiingereza kwa makubaliano na Nahodha Owen, wakitumaini itawakinga. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Mwaka 1828 Seyyid Said alikuja na merikebu zake, akaweka askari ndani ya Ngome, lakini baada ya yeye kuondoka watu wa mji waliizingira Ngome mpaka askari wale wakatoka. Alirudi mwaka 1829 akashindwa, na mwaka 1833 akashindwa tena. Katika miaka hiyo ndiyo Muyaka alipotunga mashairi yake makali ya vita. Humo Mombasa husemwa kama mtu aliye hai, mwenye hila na kiburi, amwachaye adui ajisogeze karibu ndipo amtie hasarani. Aliwatahadharisha wageni, akawadhihaki waliorudi mikono mitupu, na kuwakumbusha vijana kuwa ardhi waliyoikanyaga walirithi.

Lakini mji usiovunjwa kwa mizinga ulivunjika kwa fitina. Liwali Salim bin Ahmed alifariki mwaka 1835, na baada yake Mazrui wakagombana juu ya nani ashike nafasi yake. Thelatha Taifa na Tisa Taifa nao hawakuwa kitu kimoja, na wapo waliomwita Seyyid Said wenyewe. Mwaka 1837 akaingia bila vita kubwa. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa, wakapakiwa merikebuni na kupelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia katika ukoo walihamia Gazi upande wa kusini na Takaungu upande wa kaskazini.

Muyaka hakuwamo katika msafara ule wa Bandar Abbas. Aliishi miaka mitatu baada ya mji kuanguka, rafiki zake wametawanyika na Ngome ina askari wa mtu mwingine. Hata hivyo kwao hakukuwa Ngome peke yake. Ukitazama mashairi yake yasiyo ya vita utaona aliimba ndoa, mahaba, wivu, ukata, urafiki na hiana, na mafumbo ya kujibizana barazani. Kabla yake tungo nyingi zilizohifadhiwa zilikuwa za dini, ndefu, kwa lahaja za kaskazini. Muyaka aliushika ushairi wa beti za mistari minne, akautia Kimvita cha kila siku, akautoa kwa wanavyuoni akaupeleka sokoni na majumbani. Hiyo ilikuwa Mombasa ambayo Seyyid Said hakuweza kuitwaa, kwani haikuwa ndani ya boma.

Tungo hizo zilibaki vifuani mwa watu. Zingalipotea kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, ambaye alizikusanya kwa wazee na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Mmisionari W. E. Taylor alishirikiana naye, na karatasi hizo zikaishia London. Mwaka 1940, karne moja kamili baada ya kifo cha malenga, William Hichens aliitoa diwani yake Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alichapisha Nairobi kitabu kikubwa juu yake. Mtunzi aliyeshikilia kisiwa chake tungo zake zilizunguka dunia kabla ya kurudi karibu na kwao.

Sisi wa pwani tunajua kuwa suala la ardhi halikuisha na Mazrui. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai waandikishe ardhi zao, na ile isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi walijikuta wageni mahali walipozikwa babu zao, na uchungu huo umeendelea vizazi kwa vizazi. Shairi si hatimiliki, wala hakuna mahakama itakayompa mtu shamba kwa sababu babu yake alikuwa malenga. Lakini shairi lina ushahidi wake: hutaja mahali, watu na desturi zao, na kuonyesha kuwa hapa palikuwa na wenyewe waliojijua.

Maisha ya Muyaka yatuachia mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa adui wa nje aliishindwa Mvita mara kadhaa, na aliipata pale wenyewe walipotengana. La pili ni kazi ya Mwalimu Sikujua. Bado wako wazee wetu, Mombasa na Lamu, Pate na Vumba, wenye tungo ambazo hazijaandikwa popote. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani na amwendee na kalamu kabla hajatangulia mbele ya haki.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muyaka bin Haji, na wote waliotutangulia.