Scheele na Ukoko wa Mapipa

Mpenzi msomaji, ukinunua soda kisha usome yale maandishi madogo kwenye chupa, huenda ukakuta asidi sitriki imetajwa. Wengi wetu hatujali. Tunakunywa, tunacheua, tunarudi darasani. Basi leo nakuomba uketi nami kidogo nikusimulie maisha ya bwana aliyekuwa wa kwanza kuitoa asidi hiyo katika maji ya limau ikawa chembechembe safi kama chumvi. Jina lake ni Carl Wilhelm Scheele.

Alizaliwa Desemba 1742 mjini Stralsund, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Uswidi na leo uko Ujerumani. Kwao walikuwa watoto 11, naye wa saba. Chuo kikuu hakusomea. Alipofika miaka 14 alipelekwa Göteborg kujifunza kazi katika duka la dawa, akakaa huko miaka minane. Kazi ya mchana ilikuwa kutwanga na kupima dawa. Usiku alijifungia na vitabu vya kemia vya tajiri wake, akijaribu mwenyewe yaliyoandikwa humo. Baadaye alihamia Malmö, kisha Stockholm, kisha Uppsala, kila mara akiwa mfanyakazi tu wa duka la mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye ukoko. Wanaotengeneza divai wanajua kwamba maji ya zabibu yakikaa ndani ya pipa huacha utando mgumu ubavuni, mfano wa ukoko wa wali unaogandamana na sufuria. Utando huo huitwa tatari. Pipa lilikuwa lazima likwanguliwe, na ingawa wauza dawa na watia rangi nguo walikuwa na matumizi yao kidogo, hakuna aliyejua hasa ndani yake mna nini. Scheele alijua namna ya kuuliza. Aliuchemsha ukoko pamoja na chaki. Ule uchachu ukashikamana na chokaa ya chaki, ukazama chini kama unga usioyeyuka. Akaumwaga maji, akauosha unga, kisha akautia asidi ya salfuriki. Chokaa ikauacha uchachu na kuifuata salfuriki, zikawa jasi. Kilichobaki majini kikachujwa na kukaushwa. Kumbe ni asidi tatariki! Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1770. Wenzetu wa Pwani wanaijua ladha yake bila kujua jina, maana ndiyo inayoupa ukwaju ukali wake.

Ujanja huo wa chaki, waama, ndio uliomfikisha mbali. Mwaka 1784 aliurudia kwa maji ya limau, ambayo yakichemshwa peke yake hukataa katakata kugeuka chembe, akapata asidi sitriki. Mwaka uliofuata aliyageukia matofaa mabichi, akapata asidi nyingine tena. Hata maziwa yaliyochacha hakuyamwaga. Mwaka 1780 alitoa humo asidi yake.

Yeye mwenyewe hakufungua kiwanda. Lakini mwaka 1826 John na Edmund Sturge walianza kutengeneza asidi sitriki huko Uingereza kwa njia hiyo hiyo, na Sicily ikawa inauza ule unga wa limau na chokaa, hasa kutokana na malimau yasiyofaa kupelekwa sokoni. Biashara hiyo ilinawiri hadi ilipogunduliwa njia ya kulisha kuvu sukari ili itoe asidi, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuitumia. Tatari, kwa upande wake, haijaachwa: mpaka leo asidi tatariki hutolewa katika mashapo ya divai kwa chokaa na salfuriki. Kusema kweli si usafi mtupu, kwa kuwa salfuriki huteketea na jasi hurundikana, lakini ni afadhali kuliko kuyamwaga mtoni.

Tena bwana huyu alikuwa na bahati ya mwenye kuchelewa. Aliipata hewa ya oksijeni kabla ya Joseph Priestley, aliyeipata Agosti 1774, lakini kitabu cha Scheele kilikawia hadi 1777, na sifa zikaenda kwingine. Mgala muue na haki yake mpe.

Siku hizi wataalamu husema kemia ya kijani, wakimaanisha ile isiyodhuru watu wala mazingira. Ajabu ni kwamba Scheele ana kijani chake pia, na si cha kheri. Mwaka 1775 alitengeneza rangi ya kupendeza kwa kuchanganya shaba na aseniki. Karne iliyofuata Ulaya ikaipaka kwenye karatasi za ukutani, nguo na hata vitu vya kuchezea watoto, na sumu yake ikawadhuru wengi. Mikono ile ile iliyotoa kinywaji katika uchafu wa mapipa ndiyo iliyotoa sumu ya kupamba nyumba. Mimi sijui nimhukumu vipi.

Mwenyewe hakujihadhari. Kila alichokitengeneza alikinusa na kukionja, hata asidi ya prusiki, ambayo tone dogo huua. Mwalimu wetu wa maabara angemtoa nje siku ya kwanza!

Tangu 1775 alikuwa katika mji mdogo wa Köping, akiendesha duka la dawa la mjane wa mwenye duka. Mwaka huo huo akademia ya sayansi ya Uswidi ilimchagua kuwa mwanachama. Aliitwa Berlin, akakataa. Alifanya majaribio yake kwenye baridi kali, katikati ya moshi wa zebaki na aseniki, mpaka viungo na figo zikamshinda. Mei 1786, akiwa kitandani, alimwoa yule mjane ili duka libaki mikononi mwake. Siku chache baadaye, tarehe 21, akafariki akiwa na miaka 43, na mama yule akawa mjane mara ya pili.